Kubuni programu ya simu ya kufundishia msamiati wa Kifaransa: mwongozo kutoka Kigoma

Mtu anayetaka kubuni programu ya simu ya kufundishia maneno ya lugha ya kigeni kwa kawaida huanza kwa kuchora skrini: juu jina la programu, katikati picha, chini vitufe. Ningemshauri aanzie mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma mjini, asubuhi, wakati maboti ya kwenda Kongo na Burundi yanapopakia, akae pembeni na kuangalia ni wakati gani hasa watu wanakwama kwa kukosa neno. Programu ya msamiati ina kazi mbili tu. Ya kwanza ni kuchagua maneno ambayo mtumiaji atayahitaji kweli, na ya pili ni kumrudishia kila neno siku ile ambayo amekaribia kulisahau. Rangi, vitufe, picha na sauti vyote hutumikia kazi hizo mbili, na mbunifu asipozishughulikia kwanza atapata programu ya kupendeza ambayo watu wataifungua kwa siku tatu kisha wataiacha.

Nimechukua Kifaransa kuwa mfano kwa sababu ndiyo lugha ya kigeni ambayo Ziwa Tanganyika linatuletea mlangoni. Hata hivyo, hitaji lenyewe lina umbo la pekee ambalo mbunifu akilikosea, orodha yake yote ya maneno itakuwa na kasoro. Ng'ambo ya ziwa, Kalemie na Uvira, watu wanazungumza Kiswahili, na Bujumbura wanazungumza Kirundi, ambacho Muha, mwenyeji wa Kigoma, hukielewa bila shida kubwa. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kigoma hahitaji Kifaransa ili asalimie, aulize habari za watoto au apatane bei. Kifaransa humkuta kwenye karatasi: ankara, stakabadhi, fomu za forodha, maandishi ya kwenye magunia na lebo za dawa. Kisha humkuta kwenye hesabu, kwa kuwa Wakongo wengi, hata wakiwa katikati ya mazungumzo ya Kiswahili, hutaja bei, tarehe na saa kwa Kifaransa. Hapo tayari tumepata uamuzi wa kwanza wa ubunifu: mtumiaji wetu afundishwe kusoma kwanza, kusikia namba pili, na kuandika mwisho. Programu nyingi zinazotoka nje huanza na maamkizi na majina ya rangi, mambo ambayo mtu wa Kibirizi anaweza kuyasubirisha mwaka mzima bila hasara.

Kumchagua mtumiaji na kukusanya maneno

Chagua mtumiaji mmoja. Mfanyabiashara wa mawese na sabuni, kijana anayetafuta kazi katika mashirika yanayohudumia wakimbizi Kasulu, na mwanafunzi wa sekondari anayejiandaa kwa mtihani ni watu watatu wenye mahitaji matatu, na orodha moja haiwezi kuwatosheleza wote. Ukishamaliza na mmoja unaweza kuongeza orodha ya wa pili, kwa kuwa mitambo ya ndani ya programu itakuwa ileile.

Zungumza na watu wanane hadi kumi wa aina hiyo. Usiwaulize wanataka kujifunza maneno gani, kwa sababu watakutajia yale wanayodhani unataka kuyasikia. Waulize mara ya mwisho walipokwama kwa sababu ya Kifaransa ilikuwa wapi, karatasi gani ilikuwa mkononi, na walimwendea nani awasaidie. Mzee aliyefanya biashara ng'ambo kwa miaka mingi atakuonyesha stakabadhi zake za zamani ukimwomba kwa adabu na kumweleza kazi unayoifanya; nakili maneno yaliyomo, lakini usinakili majina ya watu wala kiasi cha fedha. Baada ya karatasi ishirini au thelathini utaona maneno yaleyale yakijirudia: facture ni ankara, quittance ni stakabadhi ya malipo, douane ni forodha, poids brut ni uzito pamoja na kifungashio, poids net ni uzito wa bidhaa peke yake. Anayejua tofauti ya maneno hayo mawili ya mwisho amejikinga na hasara kila anaponunua gunia.

Wapo watakaokushauri uchukue tu orodha ya maneno yanayotumika zaidi katika Kifaransa, na ushauri huo una nusu ya ukweli. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Ufaransa Georges Gougenheim na wenzake walirekodi mazungumzo ya watu wa kawaida na kuhesabu maneno ili wapate msamiati wa msingi kwa wageni. Waligundua kwamba maneno kama viunganishi na vitenzi vya kawaida hujitokeza mara nyingi katika kila mazungumzo, lakini majina ya vitu vinavyoshikika, kwa mfano uma wa mezani, yanaweza yasitokee kabisa ingawa kila Mfaransa anayajua. Neno la aina hiyo hulala kichwani likisubiri mada yake, na mada ikifika hulipati mbadala. Ndiyo maana wao waliongeza dodoso za mada kwa mada juu ya hesabu zao. Sisi tufanye vivyo hivyo: chukua maneno 300 ya kawaida kutoka orodha za takwimu, uongeze maneno 300 kutoka kwenye karatasi na mazungumzo yako ya mwaloni. Maneno 600 yanatosha kabisa kwa toleo la kwanza.

Uwe pia tayari kufuta. Dagaa kwa majirani zetu wa Burundi na Uvira ni ndagala, na mgebuka wetu Warundi wanauita mukeke. Kumlazimisha mtumiaji ajifunze jina la Kifaransa la samaki ambaye muuzaji na mnunuzi wote wanamwita kwa lugha zao ni kumpotezea muda. Weka ndagala na mukeke kwenye programu kama maneno ya sokoni, uendelee.

Namba na saa

Eneo hili nalipa nafasi kubwa kwa sababu ndipo fedha na safari hupotelea, na ndipo vitabu vinavyotoka Ufaransa vinapomwangusha msomaji wa Kigoma.

Huko Ufaransa sabini husemwa soixante-dix, yaani sitini na kumi, na tisini husemwa quatre-vingt-dix, yaani ishirini nne na kumi. Kongo na Burundi zilitawaliwa na Ubelgiji, na Kifaransa chao kimebaki na maneno ya Kibelgiji: sabini ni septante na tisini ni nonante, ingawa themanini imebaki quatre-vingts kama kule Ufaransa. Mfanyabiashara aliyefundishwa soixante-dix peke yake atasikia septante kwenye bei na atabaki kimya. Kwa hiyo septante na nonante ziwe ndiyo majibu makuu, na zile za Ufaransa zielezwe kwenye kadi ya ziada ambayo mtumiaji atakutana nayo baadaye. Mazoezi ya namba yawe ya sauti na si ya maandishi: programu itamke bei, mtumiaji aandike tarakimu. Anza na makumi na mamia kamili, kisha elfu, kwa kuwa bei za sokoni hazitajwi kwa moja moja.

Saa ni ngumu zaidi, na ugumu wake umejificha. Sept heures kwa tafsiri ya neno kwa neno ni saa saba, lakini kwa hesabu yetu ni saa moja, ya asubuhi au ya jioni. Juu ya hapo, Kalemie, Uvira na Bujumbura ziko nyuma yetu kwa saa nzima, hivyo boti linaloondoka Kalemie sept heures du matin linaondoka wakati Kigoma ni saa mbili asubuhi. Kadi ya saa isiandike tafsiri peke yake. Ionyeshe uso wa saa ya mshale, chini yake maneno ya Kifaransa, na chini kabisa namna mtu wa Kigoma anavyoitaja saa hiyo. Tofauti ya saa moja kati ya nchi ifundishwe kwa kadi zake yenyewe, baada ya mtumiaji kuzoea hatua ya kwanza, kwa sababu kuyachanganya mambo mawili katika swali moja humfanya asijue ni lipi alilolikosea.

Kadi moja, maana moja

Kila neno katika hifadhidata liwe na sehemu hizi: neno lenyewe, jinsia yake kama ni nomino, maana ya Kiswahili, sentensi fupi moja, faili la sauti, na orodha ya maneno yanayofanana nalo. Sehemu hiyo ya mwisho wengi huiacha, nami nitairudia hapa chini kwa kuwa ndiyo inayoitofautisha programu iliyofikiriwa vizuri.

Jinsia ya nomino za Kifaransa haimshangazi Mswahili kama inavyomshangaza Mwingereza, kwa maana sisi tumekulia katika ngeli na tunajua kwamba nomino huvuta maneno mengine kulifuata umbo lake. Tumia mlango huo: mweleze mtumiaji kwamba Kifaransa kina ngeli mbili, ya un na ya une, na kwamba nomino hujifunzwa pamoja na kiambishi chake kama vile mtoto wetu anavyojifunza kitu na vitu pamoja. Nashauri kadi ziandikwe kwa un na une badala ya le na la. Sababu ni kwamba neno linaloanza kwa irabu, au kwa h isiyotamkwa, huimeza irabu ya le na ya la: l'huile, mafuta, na l'argent, fedha, zote zinaanza kwa l' na msomaji hawezi kutambua kwamba la kwanza ni la kike na la pili ni la kiume. Kwa kuwa fedha na mafuta havihesabiki kirahisi kwa moja moja, kadi hizo zipewe alama ya jinsia yenye rangi na herufi pamoja. Rangi peke yake haimsaidii mtu asiyetofautisha rangi.

Kila kadi ibebe maana moja tu. Kitenzi louer kinaweza kumaanisha kukodi na pia kukodisha, na apprendre kinaweza kumaanisha kujifunza na pia kufundisha. Kiswahili hutenganisha mambo hayo kwa kiambishi kidogo katikati ya neno, Kifaransa huyaachia muktadha. Ukiandika kwenye kadi moja "louer: kukodi, kukodisha", mtumiaji atakariri mfuatano wa maneno bila kujua nani anamlipa nani. Tengeneza kadi mbili zenye sentensi mbili, moja ya mwenye boti na nyingine ya mwenye mzigo.

Sentensi ya mfano iwe fupi kiasi cha kusomeka mara moja, na maneno yake mengine yawe yale ambayo mtumiaji ameshapita. Picha zitumike kwa vitu vinavyopigika picha tu. Mawese, gunia, wavu na gati vinapigika, tena vipige mwenyewe hapahapa, mawese yawe kwenye dumu la njano kama mtu anavyoyajua. Ushuru, deni na ahadi havipigiki, na picha ya mtu anayetabasamu kando ya neno la ahadi haifundishi chochote.

Maneno yanayogombana

Kifaransa kina mtego ambao kwa mji wa wavuvi haupaswi kupuuzwa. Poisson, yenye s mbili, ni samaki, na poison, yenye s moja, ni sumu. Ya kwanza hutamkwa kwa sauti ya s na ya pili kwa sauti ya z. Pêcheur ni mvuvi na pécheur ni mwenye dhambi, tofauti ikiwa ni alama juu ya herufi e. Mbunifu asiye mwangalifu ataziweka jozi hizo pamoja siku ya kwanza akidhani anamsaidia mwanafunzi azilinganishe. Matokeo yake ni kwamba maneno yote mawili yanaingia kichwani yakiwa yameshikana, na mtumiaji atayachanganya kwa miezi.

Hali hiyo haiishii kwenye maneno yanayofanana kwa sauti. Utafiti uliochapishwa na Thomas Tinkham mwaka 1993 ulionyesha kwamba maneno mapya ya kundi moja la maana yanapofundishwa pamoja hushikwa polepole kuliko maneno yasiyohusiana. Tabia ya kufundisha siku za wiki zote saba kwa mkupuo, au matunda yote kwa mkupuo, inatoka kwenye urahisi wa mwalimu kupanga somo. Kwa hiyo ile orodha ya maneno yanayofanana katika kila kadi ifanye kazi hii: programu isilete neno jipya ikiwa mwenzake kwenye orodha hajafikisha angalau siku 7 bila kukosewa. Maneno yote mawili yakishatulia, hapo ndipo zoezi la kuyalinganisha uso kwa uso lina faida, na samaki na sumu zitenganishwe mbele ya macho ya mtumiaji.

Ratiba ya kukumbushia

Sasa tumefika kwenye moyo wa programu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana: kusahau huenda kwa kasi sana katika saa na siku za mwanzo, kisha hupungua kasi. Maana yake kwetu ni kwamba neno jipya lirudi mapema, na kila likikumbukwa, lipewe likizo ndefu zaidi kuliko iliyopita.

Njia rahisi ya kuligeuza wazo hilo kuwa programu ni ya Sebastian Leitner, aliyeieleza mwaka 1972 kwa kutumia boksi la kadi lenye vyumba vitano. Kadi mpya huingia chumba cha kwanza. Ikijibiwa sawa huhamia chumba kinachofuata, ikikosewa hurudi cha kwanza. Kwenye simu, chumba ni namba tu ndani ya hifadhidata. Mimi ningeanza na vipindi vya siku 1, 3, 7, 16 na 35. Ipo pia njia ya Piotr Woźniak wa Poland ya mwaka 1987, inayofahamika kama SM-2, ambayo humpa kila neno kizidishi chake: kipindi cha kwanza ni siku 1, cha pili siku 6, na baada ya hapo kipindi kilichopita huzidishwa kwa kizidishi kinachoanzia 2.5, hivyo siku 6 huwa 15, na 15 huwa 38. Neno linalomsumbua mtumiaji hupunguziwa kizidishi, lakini hakishuki chini ya 1.3. Ni njia nzuri, ila kwa toleo la kwanza chagua vyumba vya Leitner, kwa kuwa kosa la hesabu katika SM-2 ni gumu kuligundua na linaweza kuharibu ratiba za watu kimyakimya.

Piga hesabu ya mzigo kabla ya kuamua idadi ya maneno mapya. Ukimpa mtumiaji maneno 8 mapya kila siku, na kila neno likaulizwa mara tano hadi litoke chumba cha mwisho, baada ya wiki kadhaa atakuwa akijibu maswali 40 kwa siku, bila kuhesabu aliyoyakosea. Swali moja likichukua sekunde 8, hizo ni dakika tano na nusu hivi. Muda huo mtu anaupata akisubiri mzigo upimwe. Maneno 20 kwa siku yangemdai zaidi ya dakika 13, na hapo ndipo watu huacha. Kwa maneno 8 kwa siku, maneno 600 yanaingizwa kwa siku 75.

Lipo jambo la hapa kwetu ambalo ratiba lazima iliheshimu. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa na hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali, na wafanyabiashara wanaowategemea hufuata mwezi uleule. Mtumiaji wa namna hiyo atapotea kwa siku nyingi mfululizo, si kwa uvivu. Programu inayohesabu siku mfululizo na kumrudisha sifuri akikosa moja inamwadhibu kwa kuchapa kazi. Onyesha badala yake idadi ya maneno anayoyajua, idadi ambayo haishuki kwa kutokuwepo. Naye anaporudi asikute maswali 300 yanayomsubiri: weka kikomo cha maswali 40 kwa siku, anza na maneno ya vyumba vya chini kwa kuwa ndiyo yanayopotea haraka, na simamisha maneno mapya hadi deni liishe.

Kuuliza na kusahihisha

Swali lazima limfanye mtumiaji alitoe jibu kichwani mwake. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma, ingawa baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio walioonekana kuwa mbele. Kwa hiyo onyesha facture peke yake, mwache mtumiaji afikiri, kisha agonge skrini aone jibu na kuchagua kati ya vitufe viwili: "Nimekumbuka" na "Nimesahau". Maswali ya kuchagua jibu kati ya manne yatumike siku ya kwanza ya neno tu, kwa kuwa mtu anaweza kupata jibu kwa kuondoa yasiyowezekana.

Kwa maneno machache ambayo mtumiaji lazima ayaandike, usahihishaji unahitaji uangalifu. Herufi kama é na ç hazionekani kwenye kibodi ya kawaida ya simu zetu bila kubonyeza kwa muda, basi weka safu ya herufi hizo juu ya kibodi. Fahamu pia kwamba kompyuta inaweza kuhifadhi é kwa njia mbili, kama herufi moja au kama e inayofuatwa na alama yake, na mbili hizo zikilinganishwa zinahesabika kuwa tofauti ingawa jicho linaziona sawa. Zigeuze zote kuwa umbo moja kabla ya kulinganisha. Wabunifu wengi hupenda kusamehe kosa la herufi moja, na huruma hiyo ni nzuri mpaka mtumiaji anapoandika poison akikusudia poisson na programu ikamwambia amepata. Kanuni iwe hivi: samehe kosa la herufi moja isipokuwa kama kilichoandikwa ni neno jingine halisi, na alama ikikosekana kubali jibu huku ukionyesha tahajia kamili.

Skrini, sauti na hifadhi

Skrini tatu zinatosha: ya leo, ya swali, na ya orodha ya maneno. Zichore kwenye karatasi kwanza, uwape watu waziguse kwa kidole huku wewe ukibadilisha karatasi kwa mkono. Nusu saa ya zoezi hilo itakuonyesha makosa ambayo ungetumia wiki kuyaandikia msimbo. Vitufe viwe na upana na urefu usiopungua milimita 9 na vikae chini ambako kidole gumba hufika. Maandishi yawe meusi kwenye nyeupe au karibu na hivyo, kwa kuwa kijivu hafifu kinapotea kabisa kwenye jua la ziwani. Kipimo kinachokubalika ni uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1. Maneno ya vitufe yawe Kiswahili cha kawaida. Na pale mtumiaji anapochagua saa ya kukumbushwa, mwandikie "saa 1 usiku", usimwandikie 19:00.

Programu nzima ifanye kazi bila intaneti. Bando ni gharama, na katikati ya ziwa hakuna mtandao wa kutegemea. Hifadhi maneno kwenye SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu yenyewe. Sauti ndiyo inayokula nafasi, lakini ukiihifadhi kwa muundo wa Opus kwa kasi ya kilobiti 24 kwa sekunde, rekodi ya sekunde 3 inachukua kilobaiti 9, na maneno 600 yanachukua takriban megabaiti 5 na nusu, ukubwa ambao watu wanaweza hata kurushiana kwa Bluetooth. Sauti zenyewe zirekodiwe na Mkongo au Mrundi anayezungumza Kifaransa vizuri, kwa maana lafudhi yake ndiyo mtumiaji atakayoisikia. Mlipe, na upate ridhaa yake kwa maandishi. Rekodi usiku, ndani ya chumba chenye mapazia na magodoro, simu ikiwa kiganja kimoja kutoka mdomoni.

Kuhusu zana za kuandikia programu sina mengi ya kusema. Flutter au Kotlin, yoyote unayoifahamu, itafanya kazi hii. Kuisajili akaunti ya kuchapishia kwenye duka la Google kunagharimu dola 25 za Marekani mara moja, na akaunti mpya za watu binafsi hudaiwa kwanza kufanya jaribio la faragha lenye watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Ukikusanya taarifa zozote za watumiaji, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakuhusu hata kama uko peke yako chumbani Mwanga au Ujiji. Njia salama ni kutokukusanya: programu hii haihitaji jina, namba ya simu wala mahali alipo mtumiaji.

Kupima kama inafundisha

Usipime mafanikio kwa idadi ya waliopakua au waliofungua. Chukua watu wale uliozungumza nao mwanzoni, wape programu kwa siku 30, kisha kaa na kila mmoja bila simu, ukiwa na maneno 40 yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwa yale aliyofundishwa, uliyoyaandika kwenye karatasi, na stakabadhi moja halisi ambayo hajawahi kuiona. Andika maneno aliyoyajua, aliyoyachanganya, na kila moja alilichanganya na lipi. Mtaje bei tano kwa sauti, moja wapo iwe na septante ndani yake, azilipe kwa noti za kuchora. Neno lililokosewa na zaidi ya nusu ya watu lina kadi mbovu: huenda sentensi yake ni ndefu, huenda maana mbili zimebanana, huenda jirani yake aliletwa mapema mno. Iandike upya kadi hiyo, na usiongeze neno jipya hata moja kwenye orodha mpaka kadi zote za namna hiyo ziwe zimeandikwa upya na kupimwa tena na watu wengine.